Karanga Iliyoanguka Mgodini

Baba yangu haokoti kitu kilichoanguka. Kofia yake ikipeperushwa na upepo, na kwetu Kibirichia, Meru, upepo wa mlimani hauna adabu kwa mzee wala kijana, ataikimbilia, ataikanyaga ukingoni isiende mbali, kisha atasimama wima na kuita mtu aje aiokote. Tukiwa watoto tulishindana nani atafika kwanza. Majirani waliotazama kutoka upande wa pili wa ua walisema ni maringo. Mwanamume gani huyo anayeokotewa kofia kama chifu wa zamani?

Maringo hayo yangevumilika kama tungekuwa watu wa ngano. Lakini sisi ni watu wa viazi, na kazi ya viazi ni kuinama. Mmoja anatangulia na jembe la meno, anafukua mstari, udongo unapinduka na viazi vinabaki juu vimetapakaa. Wengine wanamfuata nyuma wakiokota ndoo kwa ndoo: vikubwa huku, vidogo vya mbegu kule, vilivyochomwa na jembe vya kupikwa siku hiyo hiyo. Baba hutangulia. Ametangulia tangu nimfahamu, na sasa ana miaka themanini na ushee. Sijawahi kumwona akishika kiazi ambacho hakijaokotwa na mtu mwingine. Mpe kwenye sahani, atakula na kuongeza. Kikiwa chini kwenye udongo, si chake.

Sababu yake iko mbali na Meru. Iko Shinyanga, Tanzania, kwenye mgodi wa almasi.

Baba alifika huko akiwa kijana, akiwa utingo wa lori lililopeleka vyuma vya mashine. Lori likaharibika, dereva akarudi Arusha kutafuta vipuri, na baba akabaki kulilinda. Dereva alipokuja baada ya wiki tatu, alimkuta utingo wake amevaa ovaroli ya mgodi na amepata kitanda kwenye nyumba za wafanyakazi. Hadithi hii baba huisimulia akicheka, na ndiyo hadithi pekee ya mgodini anayoisimulia bila kuombwa. Nyingine zote nimezipata kwa mama, ambaye alizaliwa kulekule.

Mama ni Msukuma. Baba yake alichunga ng'ombe mahali ambapo baadaye paliwekwa ua wa waya. Anasema kabla ya ua huo kuwekwa, watoto walikuwa wanawinga ndege kwenye mashamba ya mtama kwa kuwarushia mawe, na jiwe lililong'aa lilipendwa kwa sababu ukilirusha unaliona linakoangukia. Wageni walipokuja na kusema mawe yanayong'aa yanatafutwa duniani kote, wazee walikaa wakijiuliza wamerusha mangapi. "Labda kwetu ndege walifukuzwa kwa almasi," mama husema, kisha anacheka hadi anajifuta macho kwa kanga. Hana uchungu nayo. Anaisimulia kama watu wa kwetu wanavyosimulia mwaka ambao viazi vilikuwa vingi hadi vikalishwa ng'ombe.

Kwa maelezo yake, ndani ya ua ule palikuwa ni mji kamili: umeme, hospitali, shule, maji ya bomba, mpira Jumapili. Mawe ya rangi ya majivu ya buluu yalivunjwavunjwa, yakaoshwa, kisha yakapitishwa kwenye meza iliyopakwa grisi huku maji yakitiririka juu yake. Mawe ya kawaida hulowa na kuteleza. Almasi haishiki maji, kwa hiyo hunata kwenye grisi. Baba alifanya kazi kwenye mitambo ya kuoshea, upande wa kabla ya grisi, na anaapa kwamba kwa miaka yote aliyokaa huko hakuona almasi hata moja kwa macho yake. Aliona matope.

Ilikuwepo amri moja ambayo hata mtoto anayejifunza kutembea aliijua. Ndani ya ua haikuruhusiwa kuinama na kuokota kitu. Kitambaa kikianguka, kiache. Ukiona jiwe linang'aa, simama kando yake, inua mkono, ita askari. Yeye ndiye wa kuinama. Mama anasema mgeni alitambulika mara moja kwa sababu kitu kikimdondoka, kiuno kilimtangulia kabla akili haijafika.

Mmoja wa askari hao alikuwa kaka yake mama. Alikuwa na filimbi shingoni na soksi zilizovutwa hadi magotini, na ndiye aliyemleta baba nyumbani kwao mara ya kwanza, akale ugali wa watu wanaojua kupika. Walikuwa marafiki kabla hawajawa mashemeji. Mama anasema wakati mwingine alishindwa kujua baba alikuwa anamfuata yeye au anafuata mazungumzo ya kaka yake.

Sasa nifike kwenye karanga.

Asubuhi moja mama, wakiwa hawajamaliza mwaka tangu waoane, alikaanga karanga akampa mumewe aende nazo kazini. Mchana baba alikuwa anatembea kutoka kwenye mitambo kwenda kunywa maji, anatafuna. Karanga moja ikamponyoka. Kwetu Meru chakula hakiachwi chini, hiyo tunalelewa nayo tangu titini. Nyanya yangu angekuchapa kwa punje ya maharagwe. Baba akainama, akaiokota, akaipuliza, akaitia mdomoni. Filimbi ikalia. Baba akashtuka, akameza.

Aliyepuliza filimbi alikuwa shemeji yake.

Mtu ameinama ndani ya ua wa almasi, ameokota kitu, amekitia mdomoni na kukimeza mbele ya askari. Jitetee. Walimfungia kwenye chumba siku tatu, wakampiga eksirei, wakamnywesha mafuta ya mnyonyo, wakampa ndoo, na mtu akawekwa kuichunguza ndoo hiyo. Hawakupata kitu. Siku ya nne waliandika kwamba hana hatia na kumwambia arudi kazini. Baba akavua ovaroli, akaikunja vizuri, akaiacha juu ya benchi. Mama alimfuata Kenya akiwa na mimba ya kaka yangu mkubwa, bila kumuaga ndugu yake. Haukupita muda mrefu, mpaka wa nchi zile mbili ukafungwa, barua zikakatika, na ulipofunguliwa kila upande ulikuwa umezoea kunyamaza.

Hapo ingekuwa imeisha kama binadamu wangekuwa hawana midomo.

Baba alirudi Kibirichia na mke anayezungumza Kiswahili kitupu, akajenga nyumba ya mawe kwa mikono yake, mwaka mzima, jiwe baada ya jiwe. Watu hawakuhesabu mwaka. Walihesabu mawe. Dereva fulani alikuwa ameshaleta habari kwamba yule kijana wa Kibirichia alikamatwa amemeza almasi, na kuanzia hapo hapakuwa na la kuongeza. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, wakasema, na wakalingoja lije. Tuliponunua fahali: almasi. Kaka yangu alipoenda shule ya bweni: almasi. Darasa la tatu mwenzangu mmoja aliniuliza, kwa dhati kabisa, kama baba yangu akiruka inasikika ikigonga ndani.

Ningependa kusema nilimtetea. Nilimwambia ndiyo, inasikika, lakini usiku tu.

Ubaya wa uvumi ni kwamba hata wenye nyumba huanza kuusadiki. Mimi na kaka zangu wawili tulikuwa tumemwona baba akipenda kusimama jioni kwenye kona moja ya shamba, karibu na mti wa mringaringa, akitazama chini kuelekea tambarare za Isiolo. Tukaamua iko pale. Likizo moja, wazazi wakiwa kanisani, tulichimba mashimo saba chini ya mti ule. Tulipata mzizi na kijiko. Baba aliporudi na suti yake ya Jumapili alisimama akayatazama mashimo, akatutazama sisi, mmoja mmoja. Tulingoja kichapo. Akaenda kuchukua jembe, akayafukia yote saba akiwa na suti ileile, na chakula cha jioni hakula. Nilikuwa na miaka tisa. Nilifurahi kwamba tumeepuka fimbo.

La pili ni baya zaidi kwa sababu nilikuwa mtu mzima, na naliandika huku nikiona haya. Miaka michache iliyopita baba alilazwa Meru mjini afanyiwe upasuaji wa ngiri. Mimi ninaishi Runyenjes, nimeolewa Embu na nina duka la mbegu na dawa za mifugo. Nikafunga duka nikaja. Walipokuwa wanamsukuma kwenda kupigwa eksirei, daktari kijana alikuwa mchangamfu, na mimi mdomo wangu hauna ua. Nikasema, "Daktari, angalia vizuri. Leo ndiyo tutaiona ile almasi." Daktari akacheka. Nesi akacheka. Baba akageuza uso ukutani, na hakunisemesha mpaka viazi vya msimu ule vikachimbwa.

Nilijiambia ni uzee, wazee hukasirika haraka. Sikumwomba msamaha. Nilimpelekea blanketi.

Basi mwaka huu, mwezi wa mvua fupi ukikaribia, mama akanipigia simu dukani. Kaka yake alikuwa amepata namba yake kupitia mjukuu anayejua mambo ya simu. Alikuwa amefiwa na mke, amestaafu zamani, na alitaka kuja.

"Anakuja kufanya nini?" nikauliza.

"Kunisalimia. Mtu hasalimii dada yake?"

"Miaka karibu hamsini, mama."

"Ndiyo maana anaharakisha," mama akasema.

Nilimpokea Meru mjini, stendi. Nilimtambua kabla hajashuka vizuri kwa sababu alikuwa na pua ya mama. Mzee mrefu, fimbo mkononi, koti la sufi lililokuwa jipya zamani, na gunia dogo ambalo hakutaka mtu amshikie. Nikamwamkia shikamoo, neno ambalo huku kwetu unalisikia redioni zaidi ya barabarani, na nikaona limemtuliza. "Marahaba, mpwa wangu. Hapa baridi hii inatoka wapi, na jua ninaliona?" Nikamwonyesha mlima. Akautazama kwa muda, akasema kwa heshima, "Mmeishi karibu nao sana."

Mama alikuwa amesimama getini tangu saa nne. Sitajaribu kueleza walivyosalimiana. Walisalimiana kwa Kisukuma, lugha ambayo sisi watoto hatukufundishwa, na nilielewa kila kitu. Kwenye gunia mlikuwa na mchele wa kwao na michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa vipande na kuanikwa. Mama aliutia mchembe mmoja mdomoni bila kuuchemsha, ukiwa mgumu vilevile, akauweka shavuni kama peremende na kufumba macho.

"Shemeji yuko wapi?" mjomba akauliza.

Baba alikuwa shambani. Saa kumi na moja jioni ilipofika bado alikuwa shambani. Alipoingia alinawa, akampa mgeni mkono, akasema, "Karibu, Mtanzania. Umefika poa?" akakaa upande wa pili wa meza na kula mukimo wake wa viazi na mahindi yaliyopondwa. Mjomba alisema safari ilikuwa nzuri. Baba alisema barabara siku hizi ni nzuri. Kisha akaenda kulala, saa moja na nusu, saa ya kuku.

Siku ya pili hali ileile. Baba alitoka kabla ya chai na jembe lake. Nilikasirika. Nilimfuata mama jikoni nikamwambia mume wake anatuaibisha, mzee wa watu amepanda mabasi matatu kuja kutazama kiti kitupu, na kama ni chuki ya filimbi basi amwambie Mungu na aimalize, ni mkristo wa miaka mingapi?

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Baba yako hana chuki na ndugu yangu. Filimbi ilikuwa kazi yake. Asiyepuliza alifukuzwa, sote tulijua."

"Sasa nini?"

"Anangoja neno. Watu waliokuwa pale siku ile wamekufa wote. Amebaki huyo mmoja anayeweza kusema baba yako hakuiba. Akirudi kwao bila kulisema, basi." Akapeperusha makapi. "Na baba yako hawezi kuomba. Ukimwomba mtu aseme wewe si mwizi, ushakuwa mwizi."

"Si umwambie wewe ndugu yako?"

"Nikimtuma litakuwa neno langu. Na mimi baba yako alishanisikia. Mke akikuambia u mwema inasaidia nini?"

Nilisema inasaidia sana. Mama akanitazama kwa huruma, akaendelea na mchele wake.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu hakuna aliyempa mjomba jembe, alikwenda mwenyewe. Kulikuwa na mawingu upande wa mlima, na waokotaji wetu wa kila msimu, kina mama wanne wa jirani, walikuwa wamekwenda mazishini. Baba alikuwa anafukua peke yake. Nyuma yake mistari mitatu mizima ya viazi ilikuwa imetapakaa juu ya udongo, hakuna wa kuokota, na yeye anasonga mbele tu akiongeza mingine. Mimi nilikuwa nimetoka nyumbani na ndoo mbili nikaanze. Nilipofika kona ya shamba nikaona mjomba ameshafika kabla yangu.

Alisimama pale mwisho wa mstari kwa muda. Nilidhani anapumzika. Kisha akaichomeka fimbo kwenye udongo, akavua lile koti, akalitundika juu ya fimbo, na akaanza kushuka. Ni neno lililo sahihi: alishuka, goti moja, kisha la pili, mkono umeshika kiuno. Akaokota kiazi. Akakifuta udongo kwa kidole gumba na kukiweka kando. Akaokota kingine. Yule aliyelipwa maisha yake yote kuhakikisha watu hawainami alikuwa amepiga magoti kwenye shamba la Mmeru, akitambaa nyuma ya mtu ambaye yeye mwenyewe alimpulizia filimbi.

Baba alimsikia. Najua alimsikia kwa sababu jembe lilipunguza mwendo. Hakugeuka, lakini alianza kufukua polepole, akisimama baada ya kila shina, ili mzee wa nyuma asiachwe mbali.

Nikawafikia na ndoo. Nikapiga magoti upande wa pili wa mstari na kuanza kutenga vidogo.

Tulikwenda hivyo labda hatua ishirini. Mjomba alikuwa anahema. Mwishowe akakaa kitako juu ya udongo, miguu mbele, kama mtoto, akasema akitazama mgongo wa baba:

"Shemeji, nilijua ni karanga."

Jembe likabaki ardhini.

"Dada alikaanga asubuhi ile akatugawia sote wawili. Mimi zangu zilikuwa mfuko wa shati. Nilipokuona unainama nilikuwa natafuna zile zile. Niliiona ikidondoka, niliiona vizuri, ilikuwa na ganda lake jekundu. Lakini kiongozi wangu alikuwa hatua tano kutoka kwangu, na yeye alikuona umeinama. Nikapuliza." Akavuta pumzi. "Filimbi ni sheria, sina aibu nayo. Ila waliponiuliza ulichookota ni nini, nilisema sikuona. Hapo ndipo nilipokosea. Ningesema karanga, wangenikagua na mimi, wangezikuta mfukoni, na ilikuwa marufuku askari kula zamuni. Nikaogopa kupoteza kazi. Siku tatu zote ulizokuwa mle ndani nilikuwa nje ya mlango, ni mimi niliyepangwa zamu. Nilikusikia ukiugua kwa mafuta yale. Sikusema."

Upepo ulikuwa umeanza. Lile koti lilipigapiga kwenye fimbo. Mimi nilitazama viazi, maana sikuwa na mahali pengine pa kutazama.

Baba alikuwa bado ametugeuzia mgongo. Nilingoja hasira, na kusema kweli niliitaka. Nilitaka apige kelele, nami nipige kelele pamoja naye, kwa ajili ya zile siku tatu na ndoo ile. Alipogeuka hakuwa na hasira yoyote. Uso wake ulikuwa wazi, laini, uso wa mtu aliyeshusha mzigo mlangoni na bado anausikia begani.

"Mimi najua ni karanga," alisema. "Mimi ndio nilikula."

"Ndiyo, shemeji."

"Kwa hivyo hiyo habari si yangu." Akainua kidevu kuelekea kwangu. "Mwambie huyu."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa, na nilitamani ule mtaro kati yetu uwe na kina zaidi. Si majirani aliokuwa anawafikiria. Majirani aliwaachia majirani. Ni sisi. Ni yale mashimo saba, suti ya Jumapili imejaa vumbi. Ni binti yake mwenyewe, mama wa watoto watatu, anamchekesha daktari juu ya mwili wa baba huku mzee anasukumwa kwenye kitanda cha magurudumu, akipelekwa tena mbele ya mashine ileile. Miaka karibu hamsini baba yangu alikuwa ameishi na mashahidi watatu mezani kwake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa upande wake.

Mjomba alijaribu kusimama. Nikataka kumzuia, akanikataza kwa mkono. Alisimama kwa shida, akakung'uta suruali, akanyoosha mikono ubavuni kama walivyofundishwa enzi zile kutoa taarifa.

"Mpwa wangu," akasema. "Baba yako hakuchukua kitu mgodini. Nilikuwepo. Niliona."

"Nimesikia, mjomba."

Haikutosha. Hata masikioni mwangu mwenyewe haikutosha. Nikamgeukia baba, na maneno yangu yote, ambayo dukani yanauza mpaka dawa ya kupe kwa mtu asiye na ng'ombe, yalikuwa yamenikimbia.

"Baba," nikasema, "mimi nilichimba."

"Nilikuona."

"Na ile ya hospitali."

"Hiyo pia nilisikia," baba akasema. "Sikuwa nimelala."

Nikalia pale, mikono michafu, nikijipaka udongo usoni. Nililia kwa aibu, na chini ya aibu ilikuwepo furaha, kwa sababu alikuwa bado hai na nilikuwa nimewahi. Baba aliniacha nilie. Hakuwahi kuwa mtu wa kubembeleza. Baada ya muda akapiga jembe kwenye buti kutoa udongo, akautazama mlima.

"Mwambie na ndugu zako," akasema. "Leo. Kila mmoja, kwa simu, na huyu akiwa hapo aongee mwenyewe."

Nikafuta mikono kwenye sketi, nikatoa simu, nikampigia kaka yangu mkubwa.